Jeneza la Mrushaji

Walisema sitamaliza. Baba yangu mdogo alisema, mwalimu aliyenifundisha hesabu alisema, na mwenye gereji niliyekuwa nikimfungulia nati pale Njombe mjini alisema kwa sauti kuliko wote, wateja wakisikia: "Huyu? Ataosha sufuria za Wazungu miaka kumi, arudi na koti zito na kikohozi. Cheti atakisikia kwa wenzake."

Nilikuwa nimeshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, na hilo nalo waliliita ajali. Nauli aliitoa baba mdogo. Aliitoa sebuleni mbele ya ndugu wote, akaziweka noti juu ya meza, akasema, "Mimi hii naihesabu imepotea. Naitoa kwa heshima ya marehemu kaka yangu, siyo kwa ajili yako. Wewe hutairudisha, kwa sababu hutakuwa na cha kurudishia." Shangazi zangu wakacheka. Nikazichukua zile noti, nikasema asante baba, nikatoka nje kupunga upepo.

Leo stashahada yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi iko ukutani ofisini kwangu, kwenye fremu ya mninga, mahali ambapo anayeingia hawezi kuikwepa. Maparachichi ya wakulima wa wilaya tatu yanalala katika vyumba vya baridi nilivyovijenga kwa mikono hii waliyosema inafaa kwa nati tu. Mwenye gereji alikuja mwaka jana kumwombea mwanawe kazi. Nilimpa. Nilimkalisha kwanza kwenye kiti kinachoitazama ile fremu, halafu nikampa.

Lakini nilikaribia kuwapa haki wote waliosema. Nilikaribia kwa sababu ya boksi la viatu.

Nilifikia Columbia Heights, kitongoji kidogo upande wa kaskazini wa Minneapolis, katika apatimenti ya vyumba viwili niliyokaa na Mtanzania mwenzangu, mtu wa Mbeya aliyenitangulia kwa mwaka mmoja. Aliniita kaka, nami nikamwita kaka. Ndiye aliyenifundisha kupanda basi, kuvaa soksi mbili mbili, na kujibu "salama" hata kama si salama. Alinipeleka kwenye kiwanda cha kugandisha vyakula kule Fridley alikokuwa akifanya kazi, nikapata nafasi ya kufungasha njegere. Asubuhi tunafungasha, alasiri tunakwenda chuo kimoja, darasa moja. Tulikuwa tunasomea kitu kilekile.

Chuo kilikuwa na sharti moja gumu. Mbali na mitihani, ilikupasa ufanye kazi mwaka mzima chini ya fundi mwenye leseni, uandike kila siku yako katika daftari, na mwisho wa mwaka yeye atie saini. Bila saini yake, mwaka ule wote ni hewa. Wengi walikwama hapo, maana mafundi wenye leseni hawapendi wanagenzi, na hasa hawapendi wanagenzi wanaoongea Kiingereza cha kuokoteza.

Kiwandani kwetu mwenye leseni alikuwa mmoja: mzee wa chumba cha mitambo, Mzungu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, aliyezaliwa palepale Fridley na ambaye hakuwahi kuona sababu ya kukaa kwingine. Kila mwaka alichukua mwanagenzi mmoja. Alimchagua kwa njia yake, na njia yake ilikuwa meza ya chakula cha mchana. Mzee alikula na mafundi wenzake watatu, meza ya dirishani, na pale waliongea jambo moja tu: besiboli. Asiyejua besiboli hakusemeshwa. Hawakumchukia, hapana. Hawakumwona tu.

Nilifika mwezi wa Novemba. Uwanja wa timu ya mji umelala chini ya theluji, wachezaji wametawanyika makwao, hakuna mchezo hata mmoja hadi masika. Hata hivyo wale wazee waligombana kila mchana hadi mate yanaruka. Nilidhani nimekosea lugha. Wanagombania nini, na mpira haupo? Nikasogeza kiti changu taratibu, siku hadi siku, nikasikiliza. Nani mkataba wake unakwisha. Nani anatakiwa na matajiri wa New York. Nani bega lake limechoka lakini wanamficha. Mwenye timu atatoa hela au atafanya kama kawaida yake.

Nikacheka peke yangu juu ya kopo la maharage. Huu ni usajili! Hawa wazee wako kijiweni. Mimi nimekulia kijiweni, nyuma ya gereji, tukisikiliza redio ya betri dirisha la usajili likiwa wazi, tukibishana timu zetu mbili kubwa za Dar zitamchukua nani, huyu ameonekana uwanja wa ndege na nani, yule amepigwa picha akila kwenye hoteli gani. Kuna miaka niliotea sajili zote kubwa, watu wakanipa jina la Katibu. Nikasema moyoni: mlango ndio huu.

Mwezi mzima nilisoma. Magazeti yaliyoachwa kwenye viti vya basi, redio ya dereva, runinga ya kinyozi. Nilijifunza mrushaji ni nani na mdakaji ni nani, na kwa nini mrushaji wa mkono wa kushoto ni kama dhahabu. Jambo moja lilinishinda kulimeza, na hadi leo linanikera. Kwetu mchezaji anauzwa, anashika chake, anakwenda. Kule timu mbili zinabadilishana watu. Mtu mzima mwenye mke na nyumba anaamka asubuhi anaambiwa: umebadilishwa na vijana wawili, wiki hii uwe mji mwingine. Hakuulizwa. Nilimwambia kaka yangu wa Mbeya, "Hawa wanatoa watu kama sisi tunavyobadilishana mbuzi." Akanijibu, "Kaka, na sisi hapa si tumebadilishwa na njegere?" Alikuwa na mdomo mtamu. Sitamnyima sifa hiyo.

Siku niliyofungua mdomo mezani naikumbuka vizuri. Walikuwa wanabishana juu ya kipenzi cha mzee, mrushaji wa kushoto, kijana wa palepale jimboni. Mzee alimtazama tangu akiwa shule ya sekondari. Alivaa kofia yenye namba yake mchana kutwa, hata ndani ya chumba cha mitambo. Mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki kwenye mkataba wa kijana yule.

"Watamwongezea miaka mitano," mzee alisema. "Ni mtoto wa nyumbani. Hawawezi kumwachia."

"Watamtoa," nikasema.

Viti vikageuka. Mmoja wa mafundi akauliza, "Nani huyo?"

"Wa njegere," akajibu mwingine.

Mzee akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Wewe wa njegere. Umejuaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia mwenye timu ana mkono wa birika na hajawahi kumlipa mrushaji hela ya miaka mitano. Nikamwambia wana vijana wawili kwenye timu ya chini wanaorusha karibu kama yeye kwa mshahara wa mlinzi wa geti. Nikamwambia kwamba mtu aliyebakiwa na mwaka mmoja, usipomtoa sasa ukapata kitu, kesho anaondoka bure na wewe unabaki na kofia. Niliposema kofia, wote walitazama kichwa cha mzee.

Halafu mzee akavuta kiti kwa mguu. "Keti," alisema. "Unakosea kabisa, lakini keti."

Wiki tatu baadaye nilikuwa mwanagenzi wake.

Nasema bila aibu kwamba hakupata kuwa na mwanagenzi kama mimi. Nilisikia hitilafu ya kompresa kwa sikio kabla kipimo hakijaionyesha. Hilo gereji ya Njombe ilinifundisha, si Marekani. Mzee hakusifu watu, ila siku moja alinipa kiboksi cha chuma chenye geji zake za kupimia gesi ya mitambo, mbili, za shaba, alizofanyia kazi tangu ujanani. "Fanyia kazi hizi hadi ununue zako," alisema. "Ni mkopo, siyo zawadi." Nilizipeleka nyumbani nikiwa nimezikumbatia kwenye basi kama mtoto mchanga. Kaka yangu wa Mbeya alizigeuza mkononi muda mrefu. "Umepata, kaka," alisema. "Umepata kweli." Yeye alikuwa bado njegere. Aliwahi kuomba nafasi ileile mwaka uliotangulia, mzee akamwambia hapana. Nilikuwa nalijua hilo, na wala halikunisumbua kichwa.

Ubishi wa mrushaji uliendelea majira yote ya baridi. Hatimaye tukawekeana dau mbele ya meza nzima: akitolewa kabla ya timu kwenda Florida kuanza mazoezi ya msimu, mzee atanunua donati za meza wiki nzima; asipotolewa, nitanunua mimi.

"Anza kukusanya sarafu," mzee aliniambia kila mchana.

"Wewe anza kuvua hiyo kofia, mzee wangu," nikamjibu kila mchana. Na yeye alikuwa anafurahi. Nataka ieleweke hivyo. Alikuwa anafurahi.

Ikatokea Jumamosi moja ya Februari. Redio ikatangaza: mrushaji wa kushoto ameondoka, amebadilishwa na vijana wawili ambao hakuna aliyewajua. Nilirukaruka pale sebuleni hadi jirani wa chini akagonga dari. Nimeotea! Katibu yu hai!

Sasa kwetu, watani wako wakipoteza mchezaji wao, huwaachi hivihivi. Unawazikia. Tulifanya hivyo kila msimu: jeneza la boksi, kitambaa cheusi, namba ya jezi juu yake, mmoja anajifunga khanga kichwani analia kama mjane, mwingine anapitisha sahani ya rambirambi. Na anayezikiwa mtu wake anatukana, anacheka, anatoa shilingi mia anaweka kwenye sahani. Humfanyii hivyo mtu baki. Unamfanyia wa kijiwe chako. Ni namna ya kumwambia kwamba yeye ni wako.

Jumapili tuliketi sakafuni, mimi na kaka yangu wa Mbeya, tukatengeneza. Boksi lilikuwa la viatu vyangu vya theluji. Yeye alishika solotepu nyeusi, mimi nikashika mkasi. Alicheka hadi akalala chali. Ni yeye aliyesema tuweke msalaba juu. Ni yeye aliyesema, nilipopanga kuliweka katikati ya meza, "Aa, kaka, katikati halina utamu. Liweke mbele ya kiti chake kabisa, afike alikute." Nikaona ni wazo zuri.

Kuna jambo lazima niliandike hapa, ingawa halinipambi. Mzee alikuwa amepasuliwa moyo miezi michache kabla sijafika kiwandani. Nilijua. Nilimwona akimeza vidonge kila mchana baada ya sandwichi. Lakini kichwani mwangu jeneza lile lilikuwa la mrushaji, na moyo wa mzee ulikuwa jambo jingine, na sikuyaunganisha mawili hayo hata kidogo.

Jumatatu mchana mzee aliingia kantini, kofia kichwani, akakuta jeneza jeusi lenye msalaba mbele ya kiti chake, na mimi pembeni nimejifunga taulo kichwani, nalia, "Uwii! Uwii! Ametuacha kijana wetu!" na sahani mkononi. Fundi mmoja alianza kucheka. Akamwangalia mzee, akaacha.

"Hiki ni nini?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole kwa msiba, mzee," nikasema, nikamsogezea sahani.

Aliiangalia sahani. Aliangalia msalaba. Akachukua mfuko wake wa chakula akaondoka, na mkono wake mmoja ulikuwa kifuani.

Nusu saa baadaye niliitwa ofisini. Alinipokea mama mmoja wa mambo ya wafanyakazi, mwenye tabasamu na boksi la tishu mezani, kama daktari anayetaka kukuambia jambo. Nilieleza. Nilieleza utani, nilieleza kijiwe, nilieleza rambirambi, na kadiri nilivyoeleza Kiingereza changu kilizidi kuvunjika, na alizidi kuandika. Mwisho akasema watamwita mwenzangu wa nchi yangu awaeleweshe desturi hii. Nilifurahi! Nilitoka nje nikakaa karibu na mashine ya soda, nikasema moyoni, sasa yamekwisha, amekuja mwenye ulimi.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alinishika bega. "Nimekutetea sana, kaka. Lakini hawa watu hawana utani."

Kufikia saa tisa nilikuwa sina kazi. Walinisindikiza hadi kituo cha basi wakinitakia kila la heri. Daftari langu lilikuwa na kurasa za wiki kadhaa bila saini hata moja. Mzee hakutaka kuniona. Chuo kikasema pole, utaanza mwaka upya kwa fundi mwingine, na ada ya muhula ulipe.

Wiki iliyofuata nafasi yangu ya uanagenzi alipewa kaka yangu wa Mbeya. Alinieleza kwa unyenyekevu, macho chini. Nilimpongeza. Nilimpikia pilau.

Nilihesabu siku zilizobaki kabla ya kuwa ombaomba. Nauli ya kurudi nyumbani ningeipata, lakini ningerudi na nini? Nilimwona baba mdogo sebuleni, nikawasikia shangazi. Nikasema bora nigande hapa.

Walionisaidia walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Uvira, Mkongomani tuliyesimama naye mstari mmoja wa njegere. Alinifuata kituo cha basi siku chache baada ya kufukuzwa, akafungua mkoba. "Eh, mutoto wangu! Ile sanduku uliifanya ya nini? Siye tulikimbia masanduku ya kweli." Akanipa bahasha. "Kamata. Haiko mingi, ni ya korali yetu, niliwaomba. Utarudisha siku Mungu atakufungulia. Lakini usome. Usipomaliza, mi nitakuchapa." Aliyasema hayo mbele ya watu wanaosubiri basi, na sikuona aibu.

Wa pili alikuwa kaka yangu wa Mbeya. Alilipa kodi yangu ya nyumba miezi miwili. "Utanilipa ukisimama," alisema. Nilimkumbatia. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimepata ndugu ugenini.

Fundi mpya nilimpata Saint Paul, mzee wa Kihmong, watu wa milima ya Laos, aliyetengeneza majokofu ya maduka. Huyu hakujali besiboli wala mpira wowote. Aliongea maneno kumi kwa siku, saba yakiwa "siyo hivyo". Sikumtania hata mara moja. Mwaka mzima nilikula chakula changu kimya nikitazama ukuta. Geji nilizotumia ni zilezile za shaba. Nilikuwa nimepanga kuzirudisha, kisha nikakasirika, nikasema hatazipata mtu aliyenitupa kwa sababu ya boksi la viatu. Halafu sikuwa na hela ya kununua nyingine. Kwa hiyo kila saa iliyonipa stashahada niliipima kwa geji za mtu aliyeninyima saini. Zilinichoma mkononi, na nilizisafisha kila Ijumaa.

Nilimaliza. Niliitwa mbele, nikapewa, nikapigwa picha. Nikafanya kazi miaka miwili zaidi, nikala maharage, nikaweka akiba, nikanunua mitambo, nikakata tiketi ya kurudi Njombe. Nikajiwekea ahadi ya majivuno: kabla sijapanda ndege, nitalipa kila aliyenikopesha, wote siku moja, mkono kwa mkono inapowezekana. Nilitaka siku hiyo iwepo maishani mwangu.

Ilikuwa Januari, siku angavu ya baridi inayouma meno. Asubuhi nilimtumia baba mdogo nauli yake yote kwa simu, nikaongeza robo juu. Alipiga mara moja. "Umetoa wapi hizi?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nikamwambia, "Kwenye hewa, baba. Nauza hewa ya baridi." Akakata simu.

Mama wa Uvira nilimkuta nyumbani kwake akiwa na waimbaji wawili wa ile korali. Alipopokea bahasha alilia, wakaimba, wakanilisha foufou, ule ugali wa kwao, hadi nikashindwa kuinama kufunga viatu.

Kisha nikapanda basi kwenda Fridley na kile kiboksi cha chuma. Mzee alikuwa amestaafu. Alifungua mlango mwenyewe, amekonda, kofia kichwani, namba ileile ya mtu aliyekwishaondoka. Nyuma yake redio ilikuwa inabishana nani asajiliwe.

"Nimeleta geji zako," nikasema. "Ulisema ni mkopo."

Alifungua kiboksi pale mlangoni, akazigeuza kwenye mwanga. "Umezisafisha."

"Kila Ijumaa."

Akanipisha. Tuliketi jikoni. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Nilijua huwezi kuwa mwizi," alisema. "Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini uliniombea kifo."

Nikamwambia sikuelewa.

"Mwenzako alieleza ofisini. Mimi nilikuwepo, kwenye kiti cha nyuma. Alisema kwenu mtu akiwekewa jeneza mezani maana yake siku zake zimehesabiwa. Alisema ukoo wenu ni wa mambo hayo, na yeye alikuomba usifanye, ukamkatalia. Na mimi nilikuwa na mshono hapa." Akagusa kifua.

Nakumbuka redio. Nakumbuka mtu anasema timu inahitaji mpigaji. Kisha nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa Kiingereza ambacho sasa kilikuwa kimenyooka: kijiwe, khanga, mtu wako anapoondoka tunakuzikia kwa sababu wewe ni wetu. Nikamwambia nani alishika solotepu, nani alitaka msalaba, nani alisema liwekwe mbele ya kiti.

"Na ile sahani?"

"Ya mchango. Ulitakiwa utie sarafu, unitukane."

Alitazama dirisha. "Ningekutukana vizuri sana," alisema. Baadaye akaongeza, "Leseni yangu imekwisha muda. Saini yangu sasa haina thamani."

"Siihitaji," nikamwambia. "Ninayo ya mwingine." Nilitaka limuume, na niliona limemuuma, na sikujisikia vizuri nilivyotarajia.

"Wale vijana wawili tuliowapata," akasema ghafla. "Mmoja hafai. Lakini yule wa pili…"

"Yule wa pili ni bora kuliko mrushaji wako, mzee."

"Hapana! Bado kabisa!"

Tulibishana robo saa. Ilikuwa robo saa nzuri kuliko zote nilizokaa Marekani, na ilikuja imechelewa. Nilipokuwa naondoka alisema bado namdai donati za wiki nzima. Nikamwambia ale yeye.

Kutoka Fridley hadi Roseville nilibadili mabasi mawili. Kaka yangu wa Mbeya alikuwa amesema tukutane pale kwenye duka kubwa, maegesho ya upande wa mashariki. Sasa ndiye aliyekuwa na funguo za chumba cha mitambo. Alinifungulia mlango wa gari lake jipya, joto likanipiga usoni.

"Kaka! Umesikia wanavyosema? Eti wanamleta yule mpigaji wa—"

Nikampa bahasha. "Hesabu."

"Aa, kaka, mimi na wewe tuhesabiane?"

"Hesabu."

Alizihesabu juu ya usukani, akitabasamu. Kodi ya miezi miwili. "Imetimia," alisema. "Wewe ni mwanaume."

"Nimetoka Fridley," nikasema. "Nimerudisha geji za mzee."

Vidole vyake vilisimama juu ya noti. Nje watu walisukuma vitoroli kwenye theluji iliyokuwa imegeuka matope. "Alisema nini?"

"Alisema uliyoyaeleza ofisini. Nikamwambia nani alishika solotepu."

Hakunitazama. "Kaka, mimi nilikuwa na watoto nyumbani. Aliponikataa mwaka ule wa kwanza nilishindwa hata kuwaambia. Wewe ulikuja na mdomo wako, ndani ya miezi mitatu umeketishwa. Na kodi nilikulipia, Mungu anajua, nilikulipia kwa—"

"Sema umepokea."

"Kaka."

"Sema."

Mdomo ule mtamu ulitafuta neno muda mrefu. "Nimepokea," alisema.

Nikafungua mlango, nikashuka, nikatembea hadi kituo cha basi.